Barua kutoka Masaka: Ukikosa siku tatu, nani atakuuliza?

Wifi yangu mpenzi,

Kwanza tuelewane: Masaka niliyopo si ile ya Uganda. Nilipompigia baba kumwambia nimefika Masaka salama, alianza kunisimulia upya vita vya Kagera na jinsi majeshi yetu yalivyoingia mji ule Februari 1979, mpaka salio likaniishia kabla sijamwambia niko nchi gani. Ukimwona mwambie niko Rwanda. Masaka hii ni kata ya jiji la Kigali, wilaya ya Kicukiro, ukingoni kabisa upande wa mashariki, kiasi kwamba sisi tunaokuja kwa barabara ya Rusumo tunaifikia kabla ya kuuona mji wenyewe. Ndiko anakoishi binamu na mumewe, na ndiko nilikojiegesha tangu nishuke kwenye basi.

Uliyoniagiza sijayasahau. Pale stendi ya Nyegezi, Mwanza, ulisema umechoshwa na vijarida vyenye picha za wanafunzi wanaocheka chini ya mti; unamtakia binti chuo ambacho wanafunzi wanacheka hata mpiga picha akishaondoka. Maneno mazuri, lakini wifi, umenibebesha mzigo. Ada imeandikwa. Kozi zimeandikwa. Furaha ya mwanafunzi nani kaibandika ukutani?

Safari yenyewe sitakuchosha nayo. Kahama, Nyakanazi, malori mengi kuliko watu, kisha Rusumo, ambako mto Kagera unanguruma kwenye maporomoko na daraja limepita juu yake. Tangu 2016 kituo cha mpakani ni cha pamoja, kwa hiyo muhuri wa kutoka kwetu na wa kuingia kwao unaupata ndani ya jengo moja, na kama pasipoti yako ni safi hakuna wa kukuweka. Ukishavuka, dereva anahamia mkono wa kulia wa barabara na saa yako unairudisha nyuma saa nzima. Binti yetu, kwa anavyojua kuchelewa, atafurahia hilo la pili.

Kazi yako niliianza njiani, mjini Kibungo, bila kutarajia. Mji ule ulikuwa na chuo kikuu chake. Kilianza 2003 kwa jina la INATEK, baadaye kikaitwa Chuo Kikuu cha Kibungo, na mwaka 2020 serikali ikakifunga. Mwaka huohuo kilifungwa pia Chuo Kikuu cha Kikristo cha Rwanda. Abiria niliyekaa naye, mama mwenye duka pale mjini, alinionyesha kwa kidole upande kilikokuwa na kusema kwamba wateja wake wa sabuni na daftari waliondoka wote msimu mmoja. Hakulalamika. Alisema tu kwamba siku hizi anauza mbegu.

Nikakaa nikifikiri: mwanafunzi anaweza kuwa na marafiki, walimu wazuri na chumba chenye dirisha, halafu asubuhi moja chuo chenyewe hakipo. Kwa hiyo kabla hatujagusa habari ya furaha, wifi, kuna jambo kavu la kumaliza. Hapa Rwanda anayevisimamia vyuo ni Baraza la Elimu ya Juu, wanaliita HEC. Kwetu ni TCU, ambao ndio wanaozitambua shahada za nje, na anayekwenda kusoma nje huomba kwao hati ya kutokuwa na pingamizi. Chuo kisichotambuliwa na hao wawili tusikijadili hata kama wanafunzi wake wanacheza ngoma kutwa. Ninajua utasema mbona marais wa Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam Mei 2017 wakatangaza kwamba jumuiya nzima ni eneo moja la elimu ya juu. Walitangaza, ndiyo. Lakini wewe nenda TCU.

Sasa Masaka. Ni mahali pa watu wanaojenga. Kila kiwanja cha pili kina tofali, na katikati ya nyumba mpya zenye mageti meusi bado kuna migomba na mashamba ya maharage yanayoteremka mpaka bondeni. Kiwanda cha Inyange kiko hapa, hicho cha maziwa, juisi na maji ambayo utayakuta mezani nchi nzima. Kuna na Masaka Farms, watengeneza mtindi, ambako wengi wa wafanyakazi ni viziwi na kazi inakwenda kwa lugha ya alama. Hospitali ya wilaya ipo, na kando yake yameinuka majengo makubwa kwa msaada wa China, ambako CHUK, hospitali kuu ya kufundishia, inahamishiwa kutoka katikati ya mji. Jirani na hapo ndipo ilipofunguliwa IRCAD Africa, Oktoba 2023, tawi la taasisi iliyoanzishwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994. Madaktari wapasuaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika huja kujifunza upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuingiza kamera tumboni badala ya kupasua tumbo zima. Ukikutana nao barabarani na vitambulisho shingoni utawadhani wageni wa harusi.

Uani kwa binamu kuna vyumba vinne, vyote vimepangishwa wanafunzi. Geto, kama tunavyosema nyumbani, na wao hapa vilevile wanasema geto. Wapangaji wanasoma vyuo tofauti: wengine wanavuka kwenda Masoro, wengine wanakwenda Kicukiro, mmoja anakwenda mbali zaidi na kurudi usiku. Nilipoona hivyo nilijua sina haja ya kuhangaika na ofisi za udahili. Ofisi ya udahili haiwezi kukwambia kwamba ina huzuni.

Basi jioni ya kwanza niliuliza kijinga, mbele ya chai ya maziwa na mandazi: je, mna furaha chuoni? Wote wakasema ni sawa, hakuna shida, wakanishukuru kwa mandazi. Ungewauliza Watanzania wangekwambia vivyo hivyo. Hili la kuuliza watu kama wana furaha limewashinda hata wakubwa. Ile Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2019 iliiweka Rwanda nafasi ya 152 kati ya nchi 156, na nafasi ya 153, nyuma yao kwa hatua moja, ni sisi. Sisi tunaocheka mpaka msibani! Ukichungulia unakuta hawakuhesabu vicheko. Waliwaambia watu wafikirie ngazi, chini ni sifuri na juu ni kumi, waseme maisha yao yamesimama kwenye kidato gani. Mtu anaweza kuwa anacheka sana akiwa kwenye kidato cha tatu.

Kwa hiyo nikabadili. Jioni iliyofuata sikuuliza habari ya furaha. Niliuliza: chuoni kwenu kinachokuudhi ni nini?

Hapo, wifi, ndipo vyumba vilipofunguka. Binti mmoja kutoka Goma, mwenye Kiswahili cha kasi kinachoruka herufi, alilalamika mpaka chai ikapoa. Maktaba inafungwa mapema Ijumaa. Mwalimu wa takwimu anaandika herufi ndogo ubaoni na akiambiwa anasema nunueni miwani. Mgahawa umepunguza maharage na kuongeza kabichi. Wenzake wawili kwenye kazi ya kikundi ni wavivu, akawataja. Na kila lalamiko lilikuwa na mkia: tulimwandikia mkuu wa idara, wiki hii anatujibu, tumemweka mwalimu mstari wa mbele kwenye kikao, yule mvivu mmoja nimemwambia ukweli na sasa ananipikia. Alikuwa anakilalamikia chuo jinsi mtu anavyomlalamikia mume anayempenda.

Kijana wa chumba cha pembeni, mpole, msafi, viatu vinang'aa, alisema chuoni kwake hakuna kinachomuudhi. Nikauliza mwalimu wake mzuri ni yupi. Akafikiri. Jina hakulipata. Nikauliza chakula cha mchana anakula na nani. Akasema inategemea. Nikaona huyu asiyelalamika ndiye wa kuhurumiwa. Mwanafunzi akiwa na furaha hulalamika kwa undani, maana mambo ya pale yanamhusu na anaamini kuna atakayesikiliza. Akisema "ni sawa tu" kwa kila kitu, mchunguze.

Ndipo lilipoibuka swali ambalo nimetembea nalo Kigali yote, na ninakukabidhi na wewe. Ukikosa kuonekana chuoni siku tatu, nani atakuuliza?

Binti wa Goma alicheka. Siku tatu? Saa nne asubuhi tu simu inaanza kuita, kiongozi wa darasa anataka kujua kama yu hai. Mwingine, anayesoma uhasibu, akasema kwaya ingemjia nyumbani, kwa sababu yeye ndiye sauti ya tatu na bila yeye wimbo hausimami. Yule kijana mpole alinyamaza muda, kisha akasema kwamba labda mama mwenye nyumba, kwa ajili ya kodi. Tulicheka wote, na yeye akacheka, lakini binamu hakucheka sana. Kesho yake nilimwona anampelekea sahani ya viazi.

Shemeji, mume wa binamu, alikuwa akisikiliza. Unamfahamu, alikulia Karagwe, watu wao walikimbilia kwetu miaka ya zamani, na baada ya 1994 akarudi kusoma Butare, kwenye kile kilichokuwa Chuo Kikuu cha Taifa kabla vyuo vya umma havijaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013. Akasema swali langu lilishajibiwa nchini kwao zamani, na walioulizana walikuwa na sababu nzito kuliko yangu.

Oktoba 1996, pale Butare, wanafunzi 12 walionusurika mauaji ya kimbari walianzisha chama chao, AERG. Walikuwa vijana ambao likizo ikifika hawana pa kwenda. Wenzao wakifunga mabegi kurudi kwa wazazi, wao wanabaki na funguo za bweni. Wakaamua kuunda familia humo humo chuoni. Familia kweli: wanafunzi kadhaa, mmoja wanamchagua kuwa baba, mmoja mama, waliobaki watoto. Baba ana miaka ishirini na kidogo, mtoto wake pengine amemzidi kimo. Lakini ndiye anayejua nani anaumwa, nani hana sabuni, nani hakuonekana darasani, nani amefeli na amejifungia. Siku ya mahafali ndio wanaokuja kupiga picha na mhitimu mahali ambapo wazazi wangesimama. Mtindo ule ukaenea vyuo vingine na shule za sekondari, na waliohitimu wakaunda chama chao, GAERG, mwaka 2003, kwa sababu familia haiishi kwa kupata shahada.

Shemeji hakuwa mwanachama, alisoma nao tu. Anasema alikuwa na wazazi wake hai na bado aliwaonea wivu, na aliona haya kuwaonea wivu watu wale.

Sithubutu kuliita jambo hilo furaha, wifi, na nakuomba usilichukue hivyo. Lakini tangu nilisikie nimekosa subira na vyuo vinavyojivunia jengo la ghorofa sita na kuwaachia vijana wa miaka kumi na tisa wahangaike peke yao. Wale wa Butare hawakuwa na bajeti wala mshauri nasaha. Walikuwa na orodha ya majina na mtu wa kuipitia.

Kutoka Masaka kwenda Masoro unashuka mpaka barabara kuu, unapita Mulindi, unapanda upande wa pili. Nilikwenda kwa pikipiki, ambayo hapa inaitwa moto. Abiria ni mmoja tu, naye anavaa helmeti, kwa hiyo kilemba changu kilifika hakitambuliki. Mlima ule umejaa shule. Kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, AUCA, ambacho kilizaliwa Mudende, kaskazini-magharibi ya nchi, mwaka 1984, vita vikakihamisha, kikaanza upya Kigali. Jumamosi hakuna darasa, ni Sabato, na binti yetu lazima ajue hilo kabla, si baada. Kuna African Leadership University, walioanzia Mauritius na kufungua Kigali mwaka 2017, chini ya Fred Swaniker wa Ghana. Kwao mwanafunzi haulizwi anasoma somo gani bali ana tatizo gani la dunia analotaka kulitatua. Sijui kama binti ana tatizo la dunia tayari. Mimi nilipokuwa na umri wake tatizo langu lilikuwa nauli. Na kuna Carnegie Mellon University Africa, tawi la chuo cha Marekani, lililo kwenye jengo lake jipya tangu 2019. Hicho ni cha shahada ya uzamili tu, asubiri.

Nikafanya ninachokijua. Nilipokuwa Mlimani niliwajua wanafunzi wa kitivo fulani kwa kuangalia nani amebaki kwenye vimbweta baada ya kipindi cha mwisho. Basi huku nako nikaketi mahali pa kula, nikaagiza chai, nikaangalia saa kumi na moja. Wanafunzi wanakimbilia getini kama vile wametolewa rumande, au wanazubaa? Wakizubaa, wanazubaa wakifanya nini? Wanaokaa kwa hiari, tena wakati basi la bure halipo, wana sababu ya kukaa. Angalia pia mlinzi: wanamsalimia kwa jina au wanaonyesha kadi na kupita? Na angalia ubao wa matangazo. Katika chuo kimoja nisichokitaja, ubao mzima ulikuwa mihuri mitupu: mwisho wa kulipa ada, adhabu ya kuchelewesha ada, orodha ya wasiolipa ada. Hakukuwa na karatasi hata moja iliyoandikwa kwa mkono. Kwingine nilikuta tangazo la kitabu kilichopotea, la timu ya voliboli inayotafuta mchezaji mrefu, la mtu anayesuka nywele bwenini kwa bei ya urafiki, na la kuomba msamaha kwa aliyekula mkate wa mwenzake jikoni. Hapo palikuwa na watu wanaoishi.

Chakula usikipuuze. Mlo wa mwanafunzi hapa ni melanji: sahani moja, unajipakulia kila kilichopo, wali, viazi, ndizi, maharage, isombe ambayo ni kisamvu chetu, tambi juu, na kipande cha nyama kama siku ni njema. Sharti ni moja, unapakua mara moja tu. Kwa hiyo kuna vijana ambao wamesomea uhandisi kwenye sahani: ukuta wa viazi pembeni, wali katikati, mchuzi haumwagiki. Nilikaa meza moja na mabingwa wawili, na walinifundisha bila kuficha siri. Chuo ambacho wanafunzi wanamwonyesha mama wa watu namna ya kupakua hakiwezi kuwa kibaya sana.

Hapa Masaka penyewe hakuna chuo kikuu cha kumleta binti, lakini kuna kituo kimoja ambacho nimekifikiria kuliko vyote vya Masoro. Ni kituo cha Chama cha Wasioona cha Rwanda. Wanafunzi wake ni watu wazima waliopoteza uwezo wa kuona. Wanajifunza kutembea kwa fimbo nyeupe, kusoma Breli, kulima na kufuga, ili warudi kwao wakaendeshe maisha. Nilikutana na wawili barabarani na mwalimu wao, zoezi la kuvuka njia yenye mfereji. Mmoja alikosea, akausonta mfereji kwa fimbo, akautukana kwa Kinyarwanda (shemeji alikataa kunitafsiria), na wote watatu wakacheka mpaka wakasimama. Kisha akarudia, akavuka. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho mwalimu wetu yeyote alisimama kwenye mfereji mmoja na sisi.

Sasa nikwambie lisilopendeza, maana hukunituma kusifia. Kinachoweza kumnyong'onyesha binti yetu huku si masomo. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia tangu serikali ilipoamua kuachana na Kifaransa mwaka 2008, na Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi tangu 2017. Karatasini yuko nyumbani. Lakini kipindi kikiisha, utani unaanza, na utani wa Kigali ni wa Kinyarwanda. Yule wa Goma aliniambia muhula wake wa kwanza alikuwa anacheka sekunde moja baada ya wengine, kwa kufuatisha. Alichofanya ni kuomba afundishwe matusi madogo madogo kwanza, kisha salamu, na mpaka Krismasi alikuwa anachelewa kidogo tu. Binti yetu si mtu wa kuomba. Atakaa kimya, atasema "ni sawa tu" kwenye simu, nawe utaamini. Kwa hiyo mwenye tabia kama yake anahitaji chuo kidogo, chenye darasa ambalo mwalimu anaweza kuhesabu vichwa, na chenye kitu kimoja cha jioni kinachomhitaji yeye: kwaya, netiboli, redio ya wanafunzi, chochote ambacho bila yeye hakitimii. Alipokuwa sekondari aliimba. Aimbe.

Na kuna utulivu wa Kigali, ambao wengine wanaupenda na wengine unawakaba. Jiji ni safi, usiku unatembea, Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu wanatoka kufanya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na maduka yanafungwa mpaka imalizike. Kwa mtoto aliyezoea Mwanza, muziki kila baa na samaki wanakaangwa barabarani, wiki za kwanza atadhani kuna msiba. Baridi ya asubuhi nayo ni ya mita elfu moja na mia tano juu ya bahari. Aje na sweta mbili, zile za mitumba nzito, si fulana zenye kofia za mapambo.

Hukumu yangu hii hapa. Simkatazi Rwanda. Kama anataka teknolojia ya habari kama alivyosema, AUCA tukiweke kwenye orodha, nacho African Leadership University tukiweke kama atapata ufadhili, maana bila ufadhili tusidanganyane. Vyuo vya umma tuulize nafasi za wageni mapema. Lakini kuchagua kwa barua yangu ni kosa, maana anayekwenda kuishi pale si mimi. Mlete mwenyewe, tena muhula ukiwa umekolea, si likizo wakati majengo yamepakwa rangi na hakuna mtu. Wiki ya mitihani ndiyo nzuri zaidi. Mwone nani anamfundisha nani kwenye ngazi. Alale geto kwa binamu, aongozane na binti wa Goma darasani, ale melanji yake, aulize maswali yake bila sisi kusimama nyuma yake. Wewe na mimi tutakunywa maziwa na kungoja.

Pasipoti yake ianze kushughulikiwa wiki hii, vyeti vya kidato cha sita vitolewe nakala na kuthibitishwa, na TCU mwulize kuhusu kila chuo kwa jina lake kamili. Ada usilipe popote mpaka amerudi Mwanza akiwa na malalamiko.

Wifi yako,
Masaka, Kigali